Samaki wa Kulisha Samaki: Uzalishaji wa Chakula Hai katika Tangi la Matumbawe

Katika ufugaji wa viumbe wa baharini ndani ya matangi ya kioo, swali moja humfika kila anayemfuga samaki anayekula samaki wenzake: je, mawindo ya mla nyama huyo yanaweza kuzalishwa ndani ya tangi lilelile, kama mwamba wa baharini unavyowalisha wakazi wake, au ni lazima yatoke nje kila siku? Majibu yanayotolewa kwa kawaida huegemea upande wa kuzaana tu, yaani huwataja samaki wanaotaga au kuzaa kwa wepesi, na kuacha kando mambo mawili yenye uzito zaidi, nayo ni ubora wa mnofu wa mawindo hayo na mzigo wa taka unaofuatana na kuyakuza. Mambo hayo yakiingizwa katika hesabu, picha hubadilika. Samaki wa kulishwa, yaani anayefugwa ili aliwe na samaki mwingine, haongezi chakula katika tangi. Hukibadilisha tu kile alichopewa na mfugaji, na sehemu kubwa ya alichopewa hupotea njiani ikiwa taka. Kwa sababu hiyo thamani yake haipimwi kwa wingi wa vifaranga anaowazaa, bali kwa spishi yake na kwa mlo wake, na mahali panapomfaa ni tangi la pembeni, si katikati ya matumbawe.

Tangi la matumbawe, kwa maana inayotumika hapa, ni tangi la maji ya bahari, au ya maji yaliyotiwa chumvi maalumu, lenye mawe yaliyokwisha kukaliwa na bakteria na wanyama wadogo, mwanga mkali, na matumbawe yanayotegemea mwani mdogo mno uishio ndani ya miili yake. Mbinu ya kutumia mawe hayo, ambayo wafugaji huyaita mawe hai, ilielezwa na Lee Chin Eng wa Jakarta katika jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist mwaka 1961, wakati ambapo wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa bado wakipamba matangi yao kwa mifupa ya matumbawe yaliyokufa. Bakteria wa mawe hayo huigeuza amonia, ambayo ndiyo taka kuu itokayo katika matamvua ya samaki, kuwa nitriti na kisha nitrati, na sehemu ya nitrati hiyo hugeuzwa kuwa gesi ya nitrojeni katika matundu ya ndani yasiyo na oksijeni. Uwezo huo una kikomo, na kikomo hicho, kuliko ukubwa wa kioo, ndicho kinachoamua ni samaki wangapi wanaweza kulishwa humo pasipo maji kuharibika.

Wanaotumaini kwamba tangi litajilisha lenyewe huutazama mwamba wa asili kama ushahidi, na kwa kweli mwamba huo hujilisha kwa namna ya kustaajabisha. Mwaka 2019 Simon Brandl na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi ulioonyesha kwamba samaki wadogo kabisa, wale wajifichao katika nyufa na mashimo ya mwamba na ambao mpiga mbizi hupita juu yao bila kuwaona, ndio wanaotoa karibu asilimia 60 ya uzito wote wa samaki wanaoliwa mwambani. Siri yao ni kasi ya kufa na kuzaliwa upya. Mmoja wa jamaa zao, Eviota sigillata wa mwamba mkubwa wa Australia, mwenye urefu wa sentimita 2 hivi, aliripotiwa mwaka 2005 na Martial Depczynski na David Bellwood kuwa ndiye mwenye maisha mafupi kuliko wanyama wote wenye uti wa mgongo waliokwisha kuchunguzwa: siku 59 kwa kikomo cha juu, na kati ya hizo wiki tatu za mwanzo huishi akielea katika maji ya wazi, wiki moja au mbili hukua baada ya kutua mwambani, na muda uliobaki, usiozidi mwezi, ndio wa kutaga na kuliwa. Kizazi kimoja hufuatana na kingine upesi kiasi kwamba meza ya mwamba haiwi tupu.

Lakini utafiti wa Brandl, ukisomwa kwa makini, unaeleza kwa nini tangi haliwezi kuiga jambo hilo. Viluwiluwi wa samaki hao, yaani watoto walioanguliwa wasio bado na umbo wala mwenendo wa wazazi wao, hukulia nje ya mwamba, katika maji ya bahari yaliyojaa planktoni, ambayo ni jumla ya viumbe vidogo vya mimea na wanyama vinavyopeperushwa na mikondo. Mwamba haujilishi peke yake. Hulishwa na bahari inayouzunguka, na samaki hao wadogo ni kama wachukuzi wanaoleta mzigo kutoka nje hadi mlangoni. Tangi halina nje ya aina hiyo. Lina pampu, chujio, na mashine ya kutoa povu, ambayo hukusanya uchafu ulioyeyuka kwa mapovu ya hewa na ambayo haitofautishi kati ya uchafu na kiluwiluwi.

Samaki wa anemoni, ambaye watoto wengi wa mijini humfahamu kwa jina la Nemo na wanasayansi kwa jina la Amphiprion ocellaris, ni mfano mzuri wa ugumu huo kwa sababu hutaga ndani ya tangi bila kubembelezwa. Dume na jike husafisha sehemu ya jiwe karibu na anemoni, jike hubandika mayai ya rangi ya chungwa yanayoweza kufika mamia, na dume huyapepea kwa mapezi na kuyatoa yaliyokufa kwa mdomo kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, kulingana na joto la maji, huku mayai yakibadilika rangi hadi macho ya fedha yaonekane ndani yake. Mayai huanguliwa muda mfupi baada ya giza kuingia. Viluwiluwi wanaotoka, wenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na miili inayokaribia kupenyeka kwa mwanga, hufuata mwanga wowote ulio juu ya maji, na kabla ya asubuhi wengi wao huwa wameliwa na samaki wengine, wamenaswa na matumbawe, au wamevutwa na pampu. Kuwakuza huhitaji chombo cha peke yake na rotifa, ambao ni wanyama wa majini wenye ukubwa wa sehemu tu ya milimita, wanaofugwa kwa mwani wa kijani, na baada ya siku kadhaa huhitaji vitoto vya artemia, yaani kamba wadogo wa maji ya chumvi kali ambao mayai yao makavu huuzwa kwa makopo. Kazi hiyo iliwezekana kibiashara mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Florida kwa juhudi za Martin Moe, na leo samaki wa anemoni wanaozaliwa matangini huuzwa duniani kote. Lakini kumkuza samaki kwa taabu hiyo yote, kwa wiki nyingi, kisha kumtupia mla nyama, ni kuuza dhahabu kwa bei ya mkaa.

Wako samaki wachache wa matumbawe wanaoiruka hatua ya kuelea baharini, na hao ndio hutajwa pale mtu anapotafuta uzazi wa ndani ya tangi. Acanthochromis polyacanthus wa Australia na Asia ya Kusini-Mashariki hulinda watoto wake mwambani hadi wapate nguvu. Mwingine ni Pterapogon kauderni, samaki wa visiwa vya Banggai karibu na Sulawesi nchini Indonesia, ambaye dume lake huyahifadhi mayai mdomoni, huendelea kuwashika watoto humo baada ya kuanguliwa, na baada ya takriban mwezi mmoja huwatema wakiwa samaki kamili wenye umbo la wazazi wao, ingawa idadi yao ni kumi kadhaa tu. Watoto hao hukimbilia miiba mirefu ya urumba wa baharini, na wasipoipata huliwa, wakati mwingine na wazazi wao wenyewe. Kwa upande wa mbinu, huyu ndiye samaki wa matumbawe aliye karibu zaidi na lengo. Kwa upande wa akili ya kawaida ndiye wa mwisho anayestahili kufanywa chakula, kwa kuwa tangu mwaka 2007 Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira umemweka katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni kuvuliwa kwa ajili ya matangi.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo jina la chakula hai huyafunika pamoja. Mayai na viluwiluwi wanaozalishwa tangini, hata wasipokua, si hasara tupu, kwa maana matumbawe mengi hunasa wanyama wadogo kwa mikono yake yenye vichomo nyakati za usiku, na samaki walao planktoni, kama Chromis viridis, huyadaka mayai majini kabla hayajazama, kama wafanyavyo baharini. Kwa kazi hii, hata hivyo, samaki si wazalishaji bora. Kamba wa jenasi Lysmata, ambao huanza maisha wakiwa madume na baadaye huwa na via vya jinsia zote mbili kwa wakati mmoja, huwapita kwa mbali: kamba wawili wowote waliokomaa wanaweza kurutubishana, na kila mmoja huachilia mamia ya viluwiluwi kila baada ya wiki mbili hivi, mwaka mzima, bila mfugaji kufanya lolote zaidi ya kuwalisha. Ongezeko la kopepodi na amfipodi, ambao ni jamaa wadogo wa kamba wanaoishi katika mwani na changarawe, huweza kupatikana katika tangi la kimbilio, yaani chumba kilichounganishwa na tangi kuu ambamo hakuna samaki wa kuwala. Mfugaji anayetaka planktoni hai kwa matumbawe yake hana haja ya kuwaza uzazi wa samaki.

Swali la mla samaki linabaki palepale, na ndipo jina la molly linapoingia. Molly ni samaki wa jenasi Poecilia, ndugu wa gapi, na asili yake ni maji ya pwani na mito ya Amerika. Poecilia latipinna huishi kuanzia North Carolina hadi pwani ya Mexico katika vinamasi ambamo maji hubadilika kati ya baridi na chumvi kadiri ya mvua na kujaa kwa bahari, na hiyo ndiyo sababu anaweza kuishi, na kuzaa, katika maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, ambacho ndicho kiwango cha bahari. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai wanaoogelea na kula papo hapo, kwa hiyo hatua ya rotifa haihitajiki. Mimba huchukua wiki nne hivi, idadi ya watoto hutegemea sana ukubwa wa mama na aghalabu huwa kati ya 20 na 60, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzaa mara kadhaa baada ya kutengwa naye.

Kuhama kwake kutoka maji baridi hadi maji ya chumvi si jambo la kudra, ni kazi ya mwili inayohitaji muda. Damu ya samaki ina chumvi zaidi ya maji baridi na pungufu ya maji ya bahari. Kwa hiyo mtoni maji humwingia samaki kupitia matamvua naye hulazimika kuyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi, ilhali baharini maji humtoka, naye hulazimika kunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi hiyo kwa seli maalumu za matamvua. Seli hizo huhitaji saa na siku ili kujipanga upya. Mfugaji mwenye subira huyatia maji ya chumvi tone kwa tone katika chombo cha molly kwa saa nyingi, au hupandisha chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na samaki anayepumua kwa haraka au anayekaa chini huku amekunja mapezi huashiria kwamba kasi imezidi. Wanaozaliwa ndani ya maji ya chumvi hawahitaji maandalizi hayo tena, na ndiyo faida kubwa ya kuanzisha kizazi chao humo badala ya kununua wapya kila mara.

Pwani ya Afrika Mashariki kuna samaki mwingine anayeweza kufikiriwa kwa kazi hiyohiyo, naye ni perege wa Msumbiji, Oreochromis mossambicus, mwenyeji wa Zambezi ya chini na mito mingine ya upande huo wa bara, ambaye huvumilia maji ya bahari na hata kuzaliana ndani yake, jike akihifadhi mayai mdomoni. Vifaranga vya jamii ya perege na sato ni rahisi kupatikana kwa wafugaji wa mabwawa kuliko molly wa madukani. Pamoja na hayo, miiba migumu ya pezi lake la mgongoni, ukali wake akishakua, na wepesi wake wa kuchanganya damu na spishi nyingine mtu akimwachilia mtoni, humfanya kuwa mbadala wa dharura tu.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo huamua. Ikichukuliwa mfano wa samaki-simba, yule mwenye mapezi marefu yenye miiba ya sumu ambaye spishi yake ya Pterois miles ni mwenyeji wa miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi, akiwa na uzito wa gramu 200 na akila asilimia 2 ya uzito huo kwa siku, atahitaji gramu 4 za mawindo kila siku, yaani gramu 120 kwa mwezi, ambazo ni sawa na molly 120 wa gramu moja moja. Jike mmoja akizaa vifaranga 40 kwa mwezi na nusu yao wakafikia uzito huo, patahitajika majike sita wasiokosa kuzaa, madume mawili au matatu, na vyombo vya kuwakuzia vifaranga wa miezi miwili au mitatu kwa pamoja, wakiwa wametengwa na watu wazima wasije wakaliwa. Hilo lenyewe ni shamba dogo, wala si tukio la pembeni katika tangi la matumbawe.

Kilicho kizito zaidi ni taka. Ili kupata gramu 120 za molly kwa ufanisi wa kadiri, yaani gramu 5 za chakula kikavu kwa kila gramu 3 za samaki, vinahitajika gramu 200 za chakula hicho. Chakula chenye asilimia 40 ya protini hubeba asilimia 6.4 hivi ya nitrojeni, kwa kuwa nitrojeni ni takriban asilimia 16 ya protini, hivyo katika gramu 200 zimo gramu 12.8 za nitrojeni, na kati ya hizo molly wenyewe hubaki na gramu 3 tu mwilini. Karibu gramu 10 zilizosalia hutoka kwa matamvua, kwa kinyesi, na kwa chakula kilichoachwa. Zikigeuzwa zote kuwa nitrati hufikia gramu 44, na zikitawanywa katika tangi la lita 400 hufanya miligramu 110 kwa kila lita, kila mwezi, kabla samaki-simba mwenyewe hajatoa taka yake na kabla ya kuhesabu mlo wa molly wazazi, katika tangi ambalo wafugaji wengi wa matumbawe wangependa nitrati yake isizidi miligramu 10 hivi. Samaki-simba huyo akilishwa gramu 120 za minofu ya kamba na samaki wa baharini, gramu 10 hizo hazipo kabisa. Zilikwisha kubaki baharini, alikokulia aliyeliwa. Hesabu hii ni ya makadirio na inaweza kusogezwa huku na huku kwa kubadilisha ufanisi au aina ya chakula, lakini hakuna msogeo wa kawaida unaoweza kuipindua. Chanzo chake ni kanuni ambayo Raymond Lindeman aliieleza mwaka 1942 alipopima ziwa moja dogo la Minnesota, kwamba kila nishati inapopanda ngazi moja, kutoka mmea hadi mlaji na kutoka mlaji hadi mla nyama, sehemu ndogo tu ndiyo huvuka.

Ndiyo maana molly wa kulisha wanapaswa kuzalishwa katika mfumo uliojitenga kabisa, ambao maji yake hubadilishwa mara kwa mara bila kujali matumbawe, wakaingizwa katika tangi kuu wakati wa kuliwa tu.

Kuhusu lishe, somo kubwa lilipatikana mbali na bahari. Mwaka 1932 huko Minnesota, mbweha waliofugwa kwa ajili ya ngozi zao katika shamba la mtu aitwaye Chastek walianza kupooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi wa maji baridi wa jamii ya kapi, na ugonjwa huo ukapewa jina la mwenye shamba. Baadaye ilibainika kwamba samaki hao wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, ambacho huvunja thiamini, yaani vitamini B1, katika chakula chote kilichochanganywa nao. Kimeng'enya hicho huharibiwa kwa kupikwa; kugandishwa kwenye friza hakukiondoi. Samaki wa dhahabu, Carassius auratus, ambaye kwa miaka mingi amekuwa samaki wa kulishwa anayeuzwa kwa wingi na kwa bei rahisi kuliko wote katika maduka ya Marekani, ni wa jamii hiyohiyo ya kapi na anacho. Mla nyama anayekula samaki wa dhahabu peke yake kwa miezi huonekana ameshiba na amenenepa, na ndiyo sababu mazoea hayo yamedumu muda mrefu. Upungufu wa thiamini hujitokeza polepole, kwa kukosa hamu, kuogelea bila mizani, na hatimaye kifo ambacho mwenye tangi hukihusisha na kitu kingine. Tatizo hilo halikuishia kwa samaki wa maji baridi, kwani baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa na heringi nao wana thiaminesi, na katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini samaki aina ya trauti waliokula sana mmojawapo wa hao walionekana wakizaa watoto wanaokufa mapema. Molly na gapi hawamo katika orodha ya wanaotiliwa shaka sana, na hiyo ni hoja yenye nguvu kwa upande wao kuliko wingi wa watoto wao.

Jambo la pili ni mafuta. Samaki wengi wala nyama wa baharini hawana uwezo wa kutosha wa kutengeneza asidi ndefu za omega-3, hasa zile mbili zijulikanazo kwa vifupisho vya EPA na DHA, kutokana na mafuta ya kawaida ya mimea, kwa kuwa katika maumbile yao hawakuwa na haja hiyo: bahari huwapa asidi hizo tayari ndani ya kila windo. Kuna upekee mmoja unaopendeza, nao ni wa tafi, mla mwani, kwani Siganus canaliculatus ndiye samaki wa kwanza wa baharini kuthibitishwa, mwaka 2010, kuwa na vimeng'enya vya kuzitengeneza. Lakini tafi si mla samaki. Samaki aliyekuzwa katika maji baridi kwa vidonge vya nafaka huwa na asidi hizo kidogo, na kumtia katika maji ya chumvi kwa siku mbili kabla ya kuliwa hakubadilishi mnofu wake. Kinachoubadilisha ni mlo: mwani wa baharini, uduvi, artemia waliorutubishwa kwa mafuta ya samaki, vikitolewa kwa wiki kadhaa, na tumbo kujazwa chakula kizuri saa chache kabla ya kuingizwa kwa mla nyama. Kwa hiyo mfugaji hurudi kununua vyakula vilevile vya baharini ambavyo alidhani molly angemwepusha navyo.

Katika suala la magonjwa, uzalishaji wa nyumbani una faida iliyo wazi. Vimelea wengi wa maji baridi hufa katika maji ya chumvi, na vimelea wa baharini, kama Cryptocaryon irritans asababishaye vidoadoa vyeupe kwenye ngozi na matamvua, hawawezi kuletwa na samaki ambaye hajawahi kugusana na maji ya bahari wala vyombo vyenye maji hayo. Kinga hiyo haifiki kwa bakteria. Mycobacterium marinum huishi katika maji ya aina zote mbili, huenea kwa samaki anayekula mwenzake mgonjwa, na huweza kumpata hata binadamu kupitia mkwaruzo wa mkono, akatokwa na vidonda visivyopona upesi. Samaki wa kulishwa wa madukani, wanaorundikwa kwa mamia katika chombo kimoja kwa kuwa hakuna anayetarajia waishi, ndio wenye hatari hiyo kwa kiwango kikubwa.

Ni nani basi anayehitaji samaki hai kweli? Orodha ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Samaki-chura wa jenasi Antennarius, anayekaa bila kusogea na kuchezesha chambo kilichoota juu ya pua yake mpaka windo lisogee, huamshwa na mwendo tu, na anapotoka baharini huweza kukaa na njaa mbele ya mnofu uliolala. Samaki-simba aliyevuliwa karibuni huwa vivyo hivyo kwa siku za kwanza. Farasi wa bahari, asiye na meno wala tumbo la kuhifadhi chakula, anahitaji mawindo madogo mara kwa mara, lakini yake ni uduvi na kopepodi, wala si samaki. Kwa wawili wa kwanza molly ni daraja: windo hai hutolewa hadi mgeni aanze kula bila woga, kisha molly aliyeuawa papo hapo hushikwa kwa koleo refu na kuchezeshwa ndani ya mkondo wa pampu, kisha kipande cha samaki wa baharini au kamba hufuata kwa mwendo uleule. Samaki-simba wengi hukubali baada ya wiki chache. Samaki-chura huchukua muda zaidi, na wapo wasiokubali kamwe.

Daraja hilo lina upande wa maadili, na usipitwe kimya. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba trauti wana mishipa ya fahamu inayohisi madhara na kwamba mwenendo wao hubadilika wakidhurika, ilhali James Rose wa Marekani alikuwa amedai mwaka mmoja kabla yake kwamba samaki hawana sehemu ya ubongo inayowezesha maumivu kuhisiwa; mjadala haujafungwa, ingawa ushahidi uliofuata umeelemea zaidi upande wa Sneddon. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales huwahesabu wanyama wote wenye uti wa mgongo walio mikononi mwa binadamu, samaki wakiwamo, kuwa wanastahili ulinzi. Windo la mwambani lina nyufa za kujificha na nafasi ya kuokoka. Molly aliyetupwa katika tangi hana vyote viwili, na akiachwa kwa siku nzima bila kuliwa huchoka, hujeruhiwa na anemoni, au hufa nyuma ya mawe na kuoza humo. Desturi inayotetewa kwa urahisi ni kumtia mmoja mmoja, wakati mla nyama ana njaa, na kumtoa asipoliwa kwa muda mfupi.

Mla nyama akishazoea chakula kisicho hai, molly waliobaki hawana sababu ya kuendelea kuzalishwa kwa kiwango kile. Majike hutenganishwa na madume, mbegu walizozihifadhi zikiisha uzazi hukoma, na wazazi wachache waliozoea chumvi huweza kuhamishiwa katika tangi la matumbawe lisilo na mla samaki, ambamo hula mwani wa nyuzi unaoota juu ya mawe. Hawaachiliwi mtoni wala baharini: samaki-simba wa kwanza kuonekana pwani ya Florida aliripotiwa mwaka 1985, na jamii hiyo, ambayo chanzo chake kinahusishwa na matangi ya nyumbani, sasa imeenea katika Karibi nzima ikiwala samaki wadogo wa miamba ambayo haikuwahi kumjua.